Maparachichi Watoro wa Mwalimu Kemilembe

Katika miaka yake kumi na tisa ya upolisi, Sajenti Odeta Chenge alikuwa ameshafukuzana na wezi wa injini za mitumbwi, ameshamteremsha jambazi kutoka juu ya jabali kwa kumwahidi soda baridi, na ameshaamua ugomvi wa wake wenza watatu bila kupigwa hata kofi. Lakini kupeleleza parachichi? Hilo lilikuwa geni. Mkuu wa kituo alipomkabidhi jalada asubuhi ile ya Alhamisi, alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza ili asicheke mbele ya askari wake.

"Mlalamikaji ni mwalimu mstaafu," alisema akiwa huko huko chini. "Ameshakuja hapa mara nne. Mara ya mwisho alisahihisha kitabu chetu cha taarifa kwa kalamu nyekundu. Nenda, Sajenti. Tafadhali nenda."

Saa tatu Odeta alikuwa mtaa wa Pasiansi, kwenye geti la kijani la Mwalimu Kemilembe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Pingu umebeba?"

"Nimebeba daftari."

"Daftari ninalo mimi. Ingia, na ufunge geti, kuku wa watu wasije wakaingia."

Mwalimu Kemilembe alikuwa Mhaya wa Kagera aliyefundisha shule za msingi za Mwanza miaka thelathini na minne. Serikali ilikuwa imemstaafisha, lakini yeye mwenyewe hakuwa ametoa ruhusa. Alimtangulia Odeta mpaka nyuma ya nyumba, ulikokuwa mparachichi mmoja mpana, na chini yake vitunda vya kijani vya ukubwa wa yai vilikuwa vimetapakaa kila mahali. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, lile lile la shuleni lenye mistari. Kila tunda lililoanguka lilikuwa limeandikwa kwa tarehe, chini ya kichwa cha habari kilichopigiwa mstari mara mbili: WATORO.

"Tangu tarehe sita Oktoba mpaka leo, watoro mia moja arobaini na mmoja," alisema. "Mwaka jana mzima walikuwa ishirini. Sasa niambie wewe, matunda yanaacha mti kabla ya kukomaa, yote kwa mkupuo, bila mtu kuyashawishi?"

"Na mtu huyo ni nani?"

Mwalimu alionyesha kwa kidevu uzio wa minyaa. Ng'ambo ya uzio ng'ombe mmoja alikuwa akilia.

"Ndalahwa. Ananirogea mti wangu."

Odeta aliacha kuandika. Alikuwa amezaliwa Kisesa, na neno lile alilijua tangu utotoni. Likishasemwa juu ya mzee mwenye macho mekundu, linatembea lenyewe nyumba kwa nyumba. Aliyelisema huenda akalala usingizi wake mtamu, ila aliyesemwa ndiye anayekesha. Aliogopa, tena aliogopa kweli, ingawa usoni alibaki polisi.

"Mwalimu, huyu si baba yake Luhaga? Luhaga anayemuoa binti yako Kokulinda?"

"Anayetaka kumuoa. Jumamosi wanataka kuleta ng'ombe wa mahari. Waitu, jamani! Ng'ombe wa mchawi hawavuki geti langu. Na leo saa kumi jumuiya ya kanisa inasali hapa hapa kwangu. Nitasimama, nitalisema mbele ya wote. Nimeipa serikali nafasi ya kwanza kwa heshima tu."

"Kuna mtu umeshamwambia?"

"Rose wa duka."

Yaani, kwa lugha ya Pasiansi, nusu ya mtaa.

Kokulinda alitokeza na chai. Alikuwa nesi, mtu mzima mwenye akili zake, lakini macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Aliinama kumwekea Odeta kikombe, akanong'ona. "Dada, mama akilisema hilo kwenye jumuiya, Baba Luhaga atahama hapa, au watamhamisha. Na Luhaga hatanioa mimi amwache baba yake. Tafadhali, tafuta aliyefanya."

Odeta alitazama saa. Alibakiwa na muda wa saa saba kasorobo, na mshukiwa wake wa kwanza alikuwa tunda.

Alichutama, akachagua watoro kumi na wawili, akawapanga juu ya gazeti. Akampasua wa kwanza kwa kisu. Funza hakuna. Akampasua wa pili, wa tatu. Hakuna tundu la mdudu, hakuna alama ya jiwe la manati, hakuna meno ya pimbi, maana pimbi wa majabali ya Mwanza wakila tunda huacha saini. Vikonyo vyote vilikuwa vya manjano, vikavu, vimeachia vyenyewe.

"Marehemu hakupigwa," alisema, akiandika.

"Nilikwambia. Ni dawa."

Odeta aliinua macho. Majani ya juu yalikuwa yamepauka, na ncha za matawi mawili zilikuwa tupu kabisa, kama mti wenye kiu. Akabonyeza ardhi kwa kidole, kando ya nyasi na majani ya migomba yaliyotandikwa shinani. Kidole kilizama.

Huo ulikuwa mkanganyiko, na Odeta alipenda mikanganyiko. Lakini kabla hajauonja vizuri, dirisha la chumba cha uani lilifunguka na kichwa kilichosukwa nusu kikatoka. Alikuwa Winnie, msusi, mpangaji wa mwalimu.

"Afande, mimi sitaki kesi," alisema Winnie, na mtu akianza hivyo ujue anaitaka. "Ila nimemwona mzee. Saa kumi na mbili asubuhi, kwa macho yangu haya. Anapenya kwenye minyaa, anachutama pale kwenye shina, anatoa nyasi, anatia kwenye kiroba, anaondoka. Kila baada ya siku mbili."

"Nyasi tu?"

"Na anainua mikono juu. Anaomba mizimu."

"Ulimwona akiinua mikono?"

"Alikuwa anajinyoosha mgongo," Winnie alikubali. "Lakini afande, kwani mchawi hana mgongo?"

Ushahidi ulikuwepo. Alama za katambuga za tairi zilitoka penye pengo la uzio mpaka kwenye shina na kurudi. Odeta alizipima kwa kalamu, akakuta kalamu mbili na kifuniko. Akafuata nyayo, akapenya kwenye pengo kwa ubavu, sare yake ikachafuka utomvu wa minyaa.

Upande wa pili Mzee Ndalahwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamwangalia yule mwekundu kati ya ng'ombe wake wanne akitafuna. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, na sababu ilikuwa inafuka pembeni yake: moto wa mavi makavu ya ng'ombe wa kufukuza mbu.

"Mwadila, baba," Odeta alimwamkia kwa lugha ya kwao Kisesa.

"Mwadila, mwanangu. Kaa. Kigoda hakuna, lakini kaa."

Odeta alikaa juu ya gogo.

"Baba, alfajiri unaingia kwa mwalimu?"

Mzee alimtazama ng'ombe. "Huyu amezaa mara sita. Hajawahi kunipiga teke."

"Hongera zake. Unaingia, huingii?"

"Uzio una pengo."

"Unachukua nyasi?"

"Nyasi ni nyingi duniani."

"Za kwako wewe ni hizi?" Odeta alikuwa ameshaliona rundo nyuma ya banda, likiwa wazi kabisa: majani makavu ya migomba yamechanganyika na matete. Mzee hakuwa na mgomba hata mmoja.

"Ni hizo."

"Unazipeleka wapi?"

"Haziendi mahali. Zimekaa tu hapo."

"Basi unazichukua kwa nini?"

"Hilo sisemi."

"Baba, unajua mwalimu anasema wewe ni nani?"

"Nimesikia. Rose aliniuzia chumvi jana akiwa amesimama mbali, mkono ameunyoosha hivi." Akakohoa. "Nifunge ukitaka. Mimi nikisema ninachokijua, Luhaga hana mke."

Hapo ndipo polisi wengi wangetoa pingu wakawahi chakula cha mchana. Mtuhumiwa ameonwa, nyayo zimefika kwake, mali imekutwa, na mwenyewe anagoma kujieleza. Jalada lilikuwa linajifunga lenyewe. Lakini Odeta alikuwa mtu mbishi, na jalada linalojifunga lenyewe humtia shaka. Mchawi gani huyu anayeiba dawa halafu anaitupa nyuma ya banda? Na mfugaji gani mwenye ng'ombe wanne analaza rundo la majani hatua tatu kutoka midomoni mwao, asiwape?

Aliingiza mkono ndani ya rundo. Kulikuwa na majimaji, joto na uvundo wa kitu kilichooza. Akanusa vidole. Akanusa tena.

"Baba, hii ni sabuni ya unga?"

Mzee alikazana kumwangalia ng'ombe.

"Swali la mwisho. Wewe na mwalimu mmekuwa majirani miaka kumi na miwili. Mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa lini?"

"Kabla ya posa," alisema Ndalahwa. "Posa ilipokelewa mwisho wa Septemba."

Odeta alirudi upande wa pili akiwa anatembea haraka. Kwa mwalimu viti vya plastiki vilikuwa vimeshaanza kupangwa, na picha ya Bikira Maria imetolewa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Ilikuwa saa saba.

"Mwalimu, naomba nondo. Na uniambie, maji ya bafuni yanaenda wapi?"

"Maji ya bafuni yanahusu nini na uchawi?"

"Jibu swali, mwalimu."

Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo tangu mwaka wa sabini na kitu. Mwalimu alijibu. "Yanaenda kwenye mti. Na ya kuoshea vyombo, na ya kufulia. Nilichimba mfereji mwenyewe."

Odeta alipiga magoti, akaanza kuondoa nyasi kwenye shina. Zilikuwa zimerundikwa mpaka usawa wa magoti. Chini yake kulikuwa na samadi, chini ya samadi nyasi nyingine. Zilipoisha, gome la shina lilionekana: jeusi, laini, linabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Harufu ikamfanya Winnie afunge dirisha. Odeta alisimamisha nondo hatua moja kutoka kwenye shina, akaisukuma. Iliingia kirahisi kwa kina cha mkono mpaka kiwiko, kisha ikagonga jiwe. Akahama upande mwingine, ikagonga tena. Alipoichomoa, tundu likajaa maji ya kijivu yenye povu.

"Mfereji ulichimba lini, mwalimu?"

"Baada ya posa. Nilitaka wageni wa harusi wakute mti umeshiba, matunda yamejaa. Nyasi nazo nikaongeza. Na kila nikiamka nakuta zimepungua, basi nikawa naongeza maradufu."

"Uliongeza kwa kufuata nini?"

"Kufuata nini!" Mwalimu alishika kiuno. "Mimi ni mtoto wa kibanja, wa shamba la migomba. Mgomba unautandikia nyasi mpaka shinani, unautilia samadi, unaunywesha maji, na wenyewe unakushukuru. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yake. Hata mtoto mdogo wa Kihaya anajua."

"Sawa kabisa. Na huu ni mgomba?"

Mwalimu Kemilembe alishusha mikono kutoka kiunoni. Akautazama mti.

"Kwenu udongo unaenda chini mpaka mtu hajui mwisho wake," alisema Odeta, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole. "Hapa Mwanza tumejenga juu ya jiwe. Mti wako umesimama ndani ya sufuria, mwalimu, na wewe umekuwa ukiijaza kila siku kwa mwezi na nusu. Mizizi imekosa hewa, inaoza. Mizizi iliyooza hainywi, ndiyo maana majani yana kiu na chini kuna ziwa. Mti ukizidiwa unatua mzigo. Tazama daftari lako: posa mwisho wa Septemba, mfereji baada ya posa, na mtoro wa kwanza tarehe sita. Hapa hapajaingia mganga. Hapa umeingia mfereji."

Parachichi moja liliachia tawi, likaanguka kwenye nyasi. Mwalimu hakuliandika.

"Basi yeye alikuwa anafuata nini huku?" aliuliza, na ukali ulikuwa umempungua. "Kama si uchawi, mtu mzima anaingia kwa watu alfajiri kuiba nyasi?"

Odeta alikwenda kwenye uzio. "Baba Luhaga! Njoo hapa. Nimeshalisema mimi, si wewe. Sasa jibu."

Ndalahwa alisimama ng'ambo ya minyaa, uso ameugeuzia upande wa ziwa, asimtazame mama wa watu machoni. Alimjibu Odeta, kana kwamba mwalimu hayupo.

"Mwanangu, mimi nimeona miti ikizama. Nilipoona majani yale nikajua. Zamani ningepiga kelele tu, 'We mwalimu, unaua mti!' Tumepigiana kelele miaka kumi na miwili, juu ya kuku, juu ya moshi, juu ya redio. Lakini posa ikapokelewa. Huyu sasa ni mkwe wangu. Nitasimamaje nimwambie mkwe kwamba hajui kulima? Mama yangu angetoka kaburini anichape. Na binti yake angeingia kwangu kwa uso gani? Nikasema, nitoe nyasi kidogo kidogo. Mti utapona, yeye atamshukuru Mungu, mambo yataisha."

"Na mfereji?"

"Nilikuwa nauziba kwa udongo. Kila nikirudi naukuta umezibuliwa."

"Nilidhani ni pimbi!" mwalimu alipiga yowe. "Mawe, mama yangu! Nimemlaani pimbi wa watu bure!"

Kisha akakaa kwenye kimojawapo cha viti vya jumuiya, na alipokaa alionekana mzee. Kokulinda, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na ndoo mkononi, hakuthubutu kusogea.

"Nani mwingine anajua?" mwalimu aliuliza.

"Mimi, yeye, Kokulinda, na Winnie nyuma ya dirisha lake."

"Basi wanajua wote."

"Hawajui wote. Wote wanajua lile ulilompa Rose," alisema Odeta. "Mimi jalada langu nalifunga leo, mwalimu. Naandika hakuna kosa la jinai. Lakini neno lile silo langu, siwezi kulifunga. Wewe ndiye uliyelifungua."

"Kwa hiyo unataka nisimame mbele ya wanafunzi wangu wa zamani, mbele ya mwenyekiti wa jumuiya, niseme mimi Kemilembe nimeua mti wangu kwa ujinga?"

"Sijataka kitu. Nauliza tu kama kuna chai nyingine."

Alipewa chai. Alikunywa polepole, maana hakuwa na sababu ya kubaki isipokuwa ile ya kutaka kuona, na polisi naye ni binadamu. Kazi ya kuuziba mfereji ilifanywa na Kokulinda peke yake, kwa nguvu za ajabu kwa msichana mwenye mwili mdogo.

Saa kumi watu walianza kuingia na misalaba na vitabu vyao vya nyimbo. Hawakuwa katika hali yao ya kawaida. Viti vya karibu na minyaa vilibaki vitupu, na wale waliochelewa waliona afadhali wasimame. Rose wa duka alikuja na rozari mbili. Odeta, ambaye alikuwa wa kanisa jingine, alisimama pembeni karibu na tangi la maji. Ng'ambo ya uzio aliona kofia ya Ndalahwa, imetulia, haiendi wala hairudi.

Waliimba, wakasoma, mwenyekiti akafafanua somo kwa urefu usio wa lazima. Kisha akasema wakati wa maombi umefika, mwenye nia aseme. Watu wote wakageuza shingo kwa mwenye nyumba. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya hilo.

Mwalimu Kemilembe alisimama. Alinyoosha kitenge. Aliposema, alitumia ile sauti ya gwaride la asubuhi, inayofika mpaka kwa mtoto wa mstari wa mwisho.

"Tuuombee mparachichi huu, nilioulima mimi kama mgomba, nikaumwagia maji mimi mwenyewe mpaka ukazama, kwa kiburi changu cha kujua kila kitu." Alivuta pumzi. "Na tumwombee Mzee Ndalahwa, aliyekuja kuuokoa kimya kimya ili asinivunjie heshima, na mimi nikamwita mchawi. Nilimdanganya Rose. Rose, na wewe uliowaambia, warudie. Ee Bwana."

Ilikuwa zamu ya wote kuitikia. Watu walikuwa wamejiandaa kwa jingine kabisa, na midomo ikakataa kubadilisha. Mwenyekiti alitazama kitabu chake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Kokulinda alikuwa ameziba uso kwa viganja. Mwalimu alibaki amesimama peke yake katikati ya uwanja, na Odeta alitamani kumjibia japo hakuwa wa dhehebu lake.

Ndipo ng'ambo ya minyaa sauti ikapanda, ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, mtu ambaye hakuwahi kubatizwa lakini alikuwa amesikia sala za jirani yake kwa miaka kumi na miwili.

"Twakuomba utusikie!"

Rose alidakia, kisha wote, kwa pamoja, kwa aibu na kwa nguvu. Walipomaliza, mwalimu aligeukia uzio. Hakumtumia Odeta, hakumtumia mwenyekiti, wala hakuangalia upande wa ziwa.

"Mkwe," alisema. "Jumamosi msichelewe."